Weris Mursal na sarafu za nchi zisizokuwepo

Saa moja na robo asubuhi, jua la Garissa tayari linauma. Katika yadi iliyozungushiwa mabati huko Bulla Punda, si mbali na mto Tana, Weris Mursal ameketi juu ya injini kuukuu ya lori akichambua gunia la chuma chakavu. Amevaa glavu mkono wa kushoto tu.

"Huu wa kulia nauacha wazi," anasema. "Ndio unaojua kitu kabla ya macho."

Mkono huo unatoa bomba la maji lililopasuka, kufuli lisilo na ufunguo, vitasa vitatu vya mlango na kipande cha redieta. Kisha unasita. Weris anafungua kiganja. Ndani yake mna kisahani cha manjano, ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini, kimejaa masizi. Anakisugua kwa majivu na kitambaa mpaka tembo mwenye taji anajitokeza. Upande wa pili pana thamani, mwaka, na jina la jamhuri fulani.

Analisoma jina hilo polepole, herufi kwa herufi, kisha anatikisa kichwa.

"Nchi hii haipo," anasema. "Haikuwahi kuwepo."

Mwanamke aliyeleta gunia anacheka, akidhani ni mzaha. Kwenye mizani kisahani hicho kingemletea shilingi tatu au nne. Weris anampa Sh50 kwa hicho peke yake na kumweleza sababu: hakitaenda kuyeyushwa, kitabaki hapa.

Weris ana umri wa miaka 46 na ni mama wa watoto wanne. Mumewe, Abdinasir, huendesha lori la maji wakati wa kiangazi. Yeye mwenyewe ni mnunuzi wa chuma chakavu mwenye leseni. Hununua chuma cha kawaida kwa Sh30 kilo na kukiuza kwa madalali wa Nairobi kwa Sh38 au 40. Siku nzuri humwachia Sh1,200. Siku mbaya humwachia vumbi, anasema.

Lakini watu wa Garissa wanamjua zaidi kwa debe lake la bati. Ndani yake ana vipande 231 vya chuma vinavyofanana na pesa na ambavyo si pesa. Kuna tokeni za visima, zile ambazo mtu alinunua ofisini na kumpa mlinzi wa bomba ili ajaziwe mtungi. Kuna tokeni za kantini ya kambi ya wajenzi wa barabara, na za mashine za michezo. Na kuna anazozipenda kuliko zote: sarafu za kubuni, zilizotengenezwa na watu binafsi kwa jina la visiwa, falme na jamhuri ambazo hakuna ramani inayozijua.

Zinafikaje Garissa? Weris anasema nyingi huja ndani ya mifuko ya mitumba. Nyingine huletwa na jamaa waishio ng'ambo, wanaowaachia watoto kama vitu vya kuchezea. Mwisho wa safari ni gunia la chuma.

"Usichanganye na pesa bandia," anaonya. "Pesa bandia inaiga pesa iliyopo. Hii haimwigi mtu. Aliyeitengeneza alikaa akafikiria nchi yake, akaipa mfalme, akaipa mnyama, akaipa sarafu. Hilo si kosa. Kosa linaingia pale mtu anapoficha ni kitu gani."

Hilo alilijifunza kwa gharama.

Weris alizaliwa karibu na El Wak, kaunti ya Mandera, katika familia ya wafugaji wa ngamia. Mwaka 1996, akiwa na miaka kumi na saba, alikwenda sokoni na baba yake, Mzee Mursal Sugow. Mnunuzi mmoja mgeni, mwenye maneno laini na gari zuri, aliwapenda ngamia wao wanne. Alisema hana shilingi za kutosha, ila ana kitu bora zaidi: sarafu kumi za dhahabu kutoka ufalme wa mbali.

Baba yake alizigeuzageuza mkononi. Zilikuwa nzito, zinang'aa. Upande mmoja palikuwa na mfalme mwenye ndevu, upande wa pili ndege mwenye shingo mbili. Mzee alikuwa amesoma Kurani mpaka mwisho, lakini herufi zile za Kizungu hakuzijua.

Weris alizijua. Alikuwa amefika darasa la tano kabla ya kuacha shule.

"Niliisoma moja," anasimulia. "Ilisema Orvanta, 1974. Nikajiuliza, Orvanta ni wapi? Mwalimu wetu wa jiografia hakuwahi kuitaja. Lakini wazee walikuwa wanazungumza, na hakuna aliyeniuliza. Nikanyamaza."

Wiki mbili baadaye baba na binti walipanda lori la mifugo hadi Garissa kuziuza. Sonara wa kwanza aliikuna moja ukingoni kwa tupa, akawarudishia bila neno. Wa pili akasema ni shaba ya manjano iliyopakwa rangi. Wa tatu hawakumfikia. Mzee Mursal alifunga sarafu zake kwenye kitambaa na kurudi kituoni kungoja lori la kurudi.

"Siku mbili njiani hakusema kitu," Weris anakumbuka. "Alisali, alikunywa maji, basi."

El Wak habari ilikuwa imetangulia. Kwa desturi ya Wasomali, mtu hupewa jina la utani na hujulikana kwalo maisha yake yote. Mzee Mursal akaitwa Mursal Dahab, yaani Mursal wa Dhahabu. Wengine walilitamka kwa upole, wengine kwa kicheko. Aliwagawia watoto sarafu tisa wachezee. Ya kumi Weris aliichukua na kuificha. Tangu mwaka huo mzee hakuuza tena mnyama kwa mkono wake, wala hakukaa na wenzake kwenye kibanda cha chai. Kazi ya sokoni aliwaachia ndugu zake.

Weris aliolewa, akahamia Garissa. Ukame wa 2011 ulipomaliza mbuzi wao thelathini na wawili, alianza kuokota chuma barabarani, kisha kununua, kisha kukodi yadi. Kila alipokuta kipande cha ajabu ndani ya gunia alikitupia kwenye debe, pamoja na ile sarafu ya baba yake. Hakujua anakusanya nini. Anasema hakuweza tu kuzipeleka kwenye tanuri.

Mabadiliko yalikuja mwanzoni mwa 2022, serikali iliposimamisha biashara ya chuma chakavu nchini kwa miezi kadhaa. Yadi ilifungwa. Weris alikaa nyumbani, mikono mitupu, akamwaga debe juu ya mkeka.

Binti yake mkubwa, Idman, anayesomea ualimu, alikuwa likizo. Alipiga picha kipande kimoja kimoja kwa simu na kuzituma kwenye ukurasa wa mtandaoni wa wakusanyaji wa sarafu.

"Nilidhani hakuna atakayejibu," anasema Idman. "Asubuhi nikakuta ujumbe kumi na nne."

Mmoja ulitoka kwa mzee mstaafu wa Ureno aliyekuwa amekusanya sarafu za kubuni kwa miaka arobaini. Aliitambua ile ya Orvanta mara moja. Alieleza kwamba ilitengenezwa na mchoraji mmoja aliyependa kujibunia visiwa. Mchoraji huyo alitoa sarafu mia chache tu na kuwauzia wakusanyaji wenzake, kila moja ndani ya kisanduku kidogo. Kwenye kisanduku kulikuwa na karatasi yenye maneno haya: Hii si pesa. Ni kumbukumbu ya mahali pasipokuwepo.

Idman aliyatafsiri maneno hayo kwa Kisomali. Mama yake akamtaka ayarudie mara ya pili.

"Nilikuwa nimeichukia sarafu ile kwa miaka ishirini na sita," anasema Weris. "Nilidhani ilizaliwa kwa ajili ya kumwibia baba yangu. Kumbe ilizaliwa na karatasi yake. Mtu alitupa karatasi njiani, akabaki na chuma."

Yule mzee wa Ureno alitaka kuinunua kwa bei iliyokaribia Sh20,000. Weris alimwomba asubiri. Sarafu ilikuwa ya Mzee Mursal, na mzee alikuwa bado hai.

Mwezi Juni mwaka huo alisafiri hadi El Wak. Baba yake, ambaye sasa amepita miaka themanini, alikuwa ameketi nje ya nyumba juu ya kigoda, fimbo mapajani. Weris aliiweka sarafu kwenye kiganja chake. Mzee aliijua kwa vidole, kwa kuwa macho yamefifia.

Weris anakumbuka mazungumzo yao neno kwa neno, kama yalivyokuwa kwa Kisomali.

"Unaniletea hii ya nini?" baba aliuliza.

"Aabo, nimejua ilikotoka."

Akamweleza yote: mchoraji, kisiwa, kisanduku, karatasi. Mzee alisikiliza hadi mwisho.

"Huyo aliyeitengeneza," akasema, "alitaka kumdanganya nani?"

"Hakuna mtu, Aabo."

"Na waliozinunua kwake?"

"Walijua. Karatasi iliwaambia."

Mzee aliigeuza sarafu kiganjani. "Basi aliyenidanganya ni mtu mmoja," alisema hatimaye. "Mimi miaka yote hii nilidhani ni dunia."

Hapo ndipo Weris alipopata nguvu ya kusema lililomkaa moyoni. Alimwambia baba yake kwamba siku ile sokoni alilisoma jina la Orvanta, akaona halijui, akanyamaza.

"Ningesema, ungeacha kuwauza?" alimuuliza.

"Hapana," mzee alijibu. "Nisingekusikiliza. Ulikuwa mtoto, na mimi nilikuwa nimeshawauza ngamia wale kichwani mwangu. Lakini sasa wewe si mtoto. Ukiona, sema."

Kuhusu bei ya Mreno, alisema sarafu isiuzwe. Nyingine Weris angeweza kuziuza akipenda, kwa sharti kwamba aambatanishe karatasi.

Aliporudi Garissa, Weris alinunua bahasha ndogo za plastiki na daftari. Kila kipande kikapata karatasi yake kwa mwandiko wa Idman: kimetengenezwa na nini, kilipatikana wapi, na juu kabisa, maneno "Si pesa."

Karatasi hizo zilikuja kumgharimu.

Mvua za Aprili na Mei 2024 zilipoufurisha mto Tana, maji yaliingia Bulla Punda usiku na mchana bila kupumzika. Yadi ilizama. Nyumba ya familia iliingiwa na maji hadi madirishani. Walihama na magodoro, sufuria na mbuzi wawili hadi sehemu ya juu, wakajenga kibanda cha turubai pamoja na majirani. Idman ndiye aliyelibeba debe kichwani, maji yakiwa kiunoni.

Walikuwa na wiki tatu chini ya turubai hilo mfanyabiashara mmoja kutoka Nairobi alipowafikia. Alikuwa ameona picha mtandaoni. Alichagua vipande arobaini, vile vinavyong'aa zaidi, akaahidi Sh90,000 taslimu. Alikuwa na ombi moja.

"Alisema, 'Mama, hizi karatasi ziondoe. Wateja wangu hawapendi kusoma sana,'" anasimulia Weris. "Nikamuuliza, wateja wako ni nani? Akasema ni watu wa kila aina. Nikamwambia, basi chukua na karatasi, nitakupunguzia bei hadi nusu. Akakataa. Hapo nikajua."

Sh90,000 zingetosha mabati, mbao na fundi. Idman, aliyekuwa ameketi pembeni, alisikia kila neno.

"Nilikasirika," anakiri binti huyo bila kuficha. "Wadogo zangu walikuwa wanakohoa. Nilimwambia mama, Hooyo, debe lile nimelibeba mimi, na huyu anataka vipande arobaini tu. Kwani tutakuwa tumemwibia nani? Yeye ndiye atakayejua anamuuzia nani."

"Ulimjibu nini?" mwandishi anamuuliza mama.

"Sikumjibu siku hiyo," anasema Weris. "Nilikuwa na hofu kwamba pengine ana haki. Nilitoka nje, nikakaa na mbuzi."

Mama na binti walikaa siku nne bila kuzungumza zaidi ya salamu. Siku ya tano Idman aliomba aambiwe tena habari ya ngamia wanne, kuanzia mwanzo. Alikuwa ameisikia utotoni kama kichekesho cha ukoo. Safari hii mama yake hakuacha kitu, hata zile siku mbili za ukimya ndani ya lori.

"Nilikuwa sijui kwamba Awoowe aliacha kwenda kunywa chai," anasema Idman, akimtaja babu yake. "Hilo ndilo lililoniingia. Ngamia wanazaliwa tena."

Familia ilikaa chini ya turubai miezi miwili zaidi, hadi Abdinasir alipopata kazi ya lori na kununua mabati kidogo kidogo. Mzani wa yadi ulikuwa umekufa kwa kutu. Weris aliupata mwingine baada ya kumuuzia yule mzee wa Ureno vipande vitatu alivyokuwa navyo viwili viwili, kwa Sh11,000, kila kimoja na karatasi yake.

Tangu hapo sifa zake zimefika soko la mifugo. Dalali mmoja wa hapo, Liban, huwa na namba yake kwenye simu.

"Mtu akileta kitu hatuelewi, tunaita mama ya skrapu," anasema Liban. "Dhahabu, fedha, sijui nini. Yeye hapigi kelele. Anashika tu, anakuambia."

Jumatano moja mwezi Novemba mwaka jana, Liban alimpigia simu mapema. Mzee Kulow, mfugaji kutoka Balambala, alikuwa na mafahali wawili. Mnunuzi alikuwa tayari kumpa nusu ya bei kwa shilingi na nusu kwa sarafu sita za dhahabu. Kamba za mafahali zilikuwa zimeshakabidhiwa.

Weris alifika na mzani mdogo wa sonara, kikombe cha maji na sumaku. Aliwaamkia wote wawili, akaomba kuona. Sarafu ya kwanza aliipima, akaitumbukiza kikombeni kuona maji yanapanda kiasi gani. Akaeleza kwa sauti ya kawaida kwamba dhahabu ya ukubwa ule ingekuwa na uzito wa karibu mara mbili.

"Lakini imeandikwa," mnunuzi alisema. "Angalia, ina nchi yake."

"Naiona," Weris alijibu. "Ni nzuri. Ina karatasi?"

"Karatasi ya nini?"

"Zinatoka na karatasi. Inasema ni kumbukumbu, si pesa."

Mnunuzi alisema naye alipewa tu mahali, hajui. Huenda ni kweli, Weris hakumbishia. Aliziomba zote sita kwa Sh600 apate kuziweka, lakini mtu huyo alizirudisha mfukoni, akasema anakwenda kutafuta shilingi. Adhuhuri iliadhiniwa, hajarudi. Mzee Kulow alizishika tena kamba za mafahali wake.

"Nilikuwa nimeshawaaga," mzee huyo alisema baadaye, akiwa amewafunga chini ya kivuli cha lori. "Nimewalea tangu ndama. Nilikuwa nataka kusikia dhahabu ikilia mfukoni kabla sijafa. Ningewapoteza hivyo, nisingekuwa na la kuwaambia watoto."

Hakumlipa Weris, wala Weris hakudai. Wiki iliyofuata lilikuja dumu la maziwa kutoka Balambala, na hakuna aliyesema limetumwa na nani.

Sio wote wanaopenda anachofanya. Wapo wanaosema anaharibu biashara za watu. Wapo majirani wanaomwona mama wa makamo anayechezea vipande vya bati ilhali sakafu ya nyumba yake bado ni udongo. Yeye huwasikiliza.

"Sakafu itakuja, inshallah," anasema.

Sasa ana mpango. Mwenye ploti amemruhusu kutumia chumba kidogo kilicho mbele ya yadi, kile kinachotazama barabara, bila kuongeza kodi. Fundi seremala anamtengenezea kabati la vioo lenye droo nne. Kila kipande kitakaa na karatasi yake kwa Kisomali na Kiswahili, na kwa Kiingereza kwa ajili ya wanafunzi. Kwa asiyejua kusoma, Weris mwenyewe atasimama pale siku za soko na kusoma kwa sauti. Hakutakuwa na kiingilio. Droo moja haitakuwa na kufuli, ili watu washike, wapime, watumbukize majini kwa mikono yao wenyewe.

Idman anamaliza masomo mwaka ujao na amesema Jumatano atakuwa akija kumsaidia. Kazi ya kuandika karatasi zote upya, kwa herufi kubwa, ameshaianza.

Mwandishi anamuuliza Weris angependa nani awe wa kwanza kuingia chumbani humo siku kitakapofunguliwa: mkuu wa shule, afisa wa kaunti, au pengine mkusanyaji kutoka ng'ambo.

Weris analitafakari swali kidogo, glavu ikining'inia kwenye vidole.

"Mfugaji," anasema. "Yeyote yule, ila awe hajauza bado."